Masika ya Matumbo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na mdogo wangu amehamia kwangu. Sijui kipi kitatangulia kuisha.

Nyumba za madaktari kule hospitalini zimeingia maji, kwa hiyo bibie amekuja na masanduku yake, ndoo iliyojaa vitabu na sabuni yake mwenyewe, ati yangu haitoi povu la kutosha. Alipofika hata hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza, "Dada, hili taulo la mikono hufuliwa lini?" Huyu mtoto nimemnawisha mimi mpaka nyuma ya masikio. Leo ni daktari wa watoto, na dunia nzima imekuwa mgonjwa wake.

"Wiki mbili tu," anasema.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kutwa. Watoto wa kituo changu cha malezi hawakutoka nje. Anayesema watoto ni malaika hajawahi kufungiwa nao chumba kimoja cha mabati mvua ikinyesha.

Ijumaa, 7 Machi

Shimo la choo nyuma ya kituo limejaa, na maji ya mvua yanatuama juu yake. Nimempigia simu mwenye nyumba tuliyokodi kwa ajili ya kituo.

"Mwalimu, usiwe na wasiwasi. Fundi anakuja kesho."

"Kesho Jumamosi, mzee, kituo kimefungwa."

"Basi Jumatatu asubuhi na mapema."

Ana sauti tamu, huyo mzee. Ukiongea naye unakata simu ukiwa umeridhika, halafu baadaye ndipo unagundua hujapewa kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi hakuja.

Alhamisi, 13 Machi

Kibonge anaharisha. Ni mtoto wa pili kwa udogo hapa kituoni, hajatimiza miaka miwili, na jina hilo alipewa na wenzake kwa haki kabisa: mashavu yamejaa mpaka macho yanaomba nafasi. Mama yake anafanya kazi mbali, kwa hiyo analelewa na bibi yake, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Alipokuja kumchukua nilimweleza.

"Magego hayo, Mwalimu," akasema. "Hata baba yake yalipotoka alikuwa hivihivi."

"Bibi, meno hayaharishi mtoto."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Mmoja."

"Mimi saba."

Mjadala ukaishia hapo. Akamfunga mgongoni wakaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya kosa la kumsimulia mdogo wangu wakati wa chakula. Chakula kimepoa, hotuba haijaisha. Ni kweli, anasema, meno hayaharishi. Ila umri wa kuota meno ndio umri wa kutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana bibi zetu waliviona vikija pamoja wakavifungisha ndoa. Nikamwambia nami ndivyo nilivyomwambia yule bibi. Akasema, "Hapana, Dada, wewe ulimbishia. Kubishia na kueleza ni vitu viwili." Nikachukua sahani yangu nikaenda kula jikoni. Nyumba ni yangu, na nakula jikoni!

Jumatatu, 17 Machi

Watoto wengine wawili wameanza. Fundi anakuja kesho.

Jumanne, 18 Machi

Fundi hakuja. Mama mmoja ambaye ni karani amenisimamisha langoni mbele ya wazazi wenzake. "Nawalipa mnilelee mtoto, si mniuguzie." Nilimjibu kwa adabu. Hayo niliyomjibu moyoni siyaandiki hapa; naweza kufa leo, mtu akasoma.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika usiku huuhuu, maana nikilala na haya kichwani sitapata usingizi.

Kibonge hajaletwa tangu Jumatatu. Leo saa ya mapumziko nikampigia bibi yake. "Anaendelea vizuri," akasema, "hata kuharisha amepunguza, maana nimeacha kumpa maji."

Nikauliza, "Umeacha kumpa nini?"

"Maji. Nikimpa anaharisha, nisipompa anatulia. Si unaona mwenyewe yanapotoka?"

Nilimwachia watoto Mpishi wa kituo, nikampigia mdogo wangu. Alikuwa ametoka zamu, anatembea kurudi nyumbani. Tulikutana njia panda, yeye na mwavuli, mimi na mfuko wa plastiki kichwani, tukaingia kwenye vichochoro maji yakitufika kwenye vifundo vya miguu. Njiani nilipiga kelele peke yangu kama mwehu. Saba! Amezaa saba! Mdogo wangu hakusema neno. Hiyo ilinitisha kuliko kama angehubiri.

Chumba cha bibi ni kimoja, kisafi, kitanda kimetandikwa, sufuria zinang'aa ukutani. Kibonge alikuwa amelazwa katikati ya kitanda. Sikumtambua. Yale mashavu yalikuwa yamenyauka, macho yameingia ndani, na alikuwa hana haja na mtu. Mtoto aliyezoea kunirukia mguuni kama anayenidai, leo ananitazama kama ukuta. Mdogo wangu akamfinya ngozi ya tumbo akaiachia. Ile ngozi ilibaki imesimama, ikashuka taratibu, kama kitambaa.

"Analia machozi?" akauliza.

"Tangu jana hana machozi," bibi akasema. "Nikashukuru. Nikajua amepata nafuu."

Nilifungua mdomo wangu. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya wiki nzima. Mdogo wangu akanikanyaga mguu, nao ulikuwa uchi ndani ya kandambili.

"Bibi," akasema polepole, "huyu ni kama ndoo iliyotoboka. Ukiacha kutia maji tundu halizibiki, ndoo ndiyo inakauka. Kama unazo zile pakiti za chumvi na sukari, tumchanganyie sasa hivi tumpe huku tunakwenda hospitali. Kama huna, mimi ninazo."

Bibi akamtazama. Akanitazama mimi. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Nimemkausha mimi?"

"Umembeba wewe, na utambeba tena," mdogo wangu akasema. "Inuka, mama."

Tulimpa kijiko kwa kijiko mpaka hospitalini, kwenye mvua, mimi nimeshika kikombe, yeye kijiko, bibi mtoto, na mwavuli haukumkinga hata mmoja wetu. Wamemlaza na kumwekea dripu. Daktari mwingine anasema tungechelewa mpaka jioni ingekuwa habari nyingine.

Nina hasira na yule bibi mpaka kichwa kinauma. Na bado ile sauti yake, "nimemkausha mimi," haitoki sikioni.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Kibonge amekojoa. Simu tatu nimepigiwa kutangaziwa hilo.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimelimaliza jambo hili. Sikuhitaji digrii ya udaktari kujua kwamba maradhi ya tumbo hutoka jikoni. Maji ya kunywa nachemsha mwenyewe, kwa mkono wangu, kila asubuhi. Uji unachemka. Kinachobaki ni mikono ya Mpishi. Nimemwita mbele ya wasaidizi nikamwambia anyooshe mikono niione kucha.

Alinyoosha. Zilikuwa fupi na safi. Nikasema hata hivyo, "Ugonjwa haukushuka na mvua, mama. Umetoka mahali, na wanaokula hapa wanakula mkononi mwako."

Akavua aproni, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya meza. "Mwalimu, mimi nimekupikia tangu kituo hiki hakijawa na mlango," akasema. "Ungeniita pembeni, ningekusikiliza." Akatoka bila hata kujifunika mvua.

Haya. Angalau sasa ugonjwa utaisha.

Jumatano, 26 Machi

Napika mwenyewe. Uji umeungua. Watoto wamenisusia, na mmoja ameniuliza mbele ya wote, "Mpishi wetu wa kweli yuko wapi?"

Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu: wiki mbili zimekuwa nne. Amepanga vitabu vyake juu ya friji.

Fundi anakuja Jumatatu.

Jumatatu, 31 Machi

Watoto wengine wawili wameanza kuharisha. Fundi hakuja. Nimempigia mzee, akaniambia mvua ikiendelea hivi hata fundi naye ni binadamu. Sijawahi kusema fundi si binadamu. Nimeanza kushuku kama yupo.

Jumatano, 2 Aprili

Majibu ya vipimo vya Kibonge yametoka. Walilazimika kuvipeleka maabara kubwa, maana hapa hawana vifaa vya kumtambua mdudu wa namna hiyo. Mdogo wangu alinitajia jina lake, lina herufi nyingi kama namba ya gari la serikali. Nikamwambia, "Niambie kwa lugha ya mama yetu."

Akaenda bafuni akarudi na taulo langu, lile jipya. Akalitandaza mezani.

"Ukuta wa utumbo wa Kibonge kwa ndani uko hivi. Unaona hizi nyuzi zilizosimama? Mle ndani zipo nyingi ajabu, ndogo mno. Kazi yake kunyonya. Kila anachokula, kila anachokunywa, kinaingia mwilini kupitia hapa."

"Endelea."

"Huyu bakteria ni wa ukoo mmoja na wale tunaoishi nao tumboni siku zote bila ugomvi. Ila yeye ana tabia mbaya. Wenzake wengi wanapita na mkondo. Yeye hapiti. Ana vinywele, ananasa navyo kwanza. Akishanasa anatoa kitu kama sindano, anaichoma seli ya utumbo, anaisukumia ndani vitu vyake. Kimoja katika hivyo vitu kinakwenda kujitokeza juu ya ngozi ya seli, na hicho ndicho anachokamatia sasa barabara."

"Yaani msumari anapigilia yeye, halafu anajitundika yeye?"

"Hasa!" Alifurahi kama nimefaulu mtihani. "Na pale alipokaa, hizi nyuzi zinafutika zote. Seli inanyanyuka chini yake kama kigoda, inambeba. Wakijaa hivyo, utumbo unakuwa taulo lenye vipara."

"Na taulo lenye vipara halikaushi maji."

"Halikaushi. Yanapita tu. Na zaidi ya hapo, seli zimepangana kama vigae, huyu anazilegeza maungio, kwa hiyo maji ya mwilini nayo yanavuja kuingia tumboni. Bibi yule aliona maji yanatoka, akadhani ni yale aliyompa. Kumbe mtoto alikuwa anaharisha damu yake mwenyewe, ile sehemu ya maji."

Lile taulo sitaliangalia tena kwa jicho la kawaida.

"Sasa dawa gani inamng'oa?"

"Mara nyingi utumbo wenyewe. Zile seli zinachakaa, zinadondoka, zinaota nyingine, siku zote. Kazi yetu ni kuhakikisha mtoto yu hai mpaka ziote. Maji yenye chumvi, zinki, chakula."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Ndiyo maana wazazi hawaniamini. Wanataka sindano."

Kisha akaniuliza swali bila kuniangalia, anakunja taulo. "Dada, Mpishi aliondoka lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na hawa wawili wa juzi wameanza lini?"

"Juzi," nikasema. Wiki nzima Mpishi hayupo, na jiko likiwa langu mwenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili

Mdogo wangu alikuja kituoni jana, siku yake ya mapumziko. Nilimwambia asije. Alikuja. Akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, akatutazama kazi nzima ya asubuhi. Watoto wakadhani ni mwanafunzi mpya aliyechelewa kuanza shule.

Nikagawa uji, kila mmoja na kikombe chake.

"Hivi vikombe vina maji," akasema.

"Ndiyo. Vinasuuzwa kabla ya kila mlo. Mimi ndiye niliyeweka sheria hiyo, kwa usafi."

"Vinasuuzwa kwa maji yale uliyochemsha?"

"Kwa maji ya bomba. Maji ya kuchemsha ni ya kunywa."

Kikombe nilichoshika kilikuwa bado kinadondosha.

Nikawapigia wazazi wote waje wawachukue watoto wao, nikafunga kituo. Simu za matusi nimezipokea nyingi, moja tu ya asante, tena ya mtu aliyekosea namba.

Leo asubuhi nikampigia mwenye nyumba. "Mzee, bomba la uani linapita wapi?" Akasema, "Fundi anakuja Jumatatu, atakueleza." Nikakata simu yeye akiwa bado anaongea, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima. Nikaazima jembe kwa jirani.

Tulichimba wawili, mimi na daktari wa watoto, kuanzia kwenye koki kufuata bomba linakoelekea. Udongo ulikuwa umelowa, kila jembe linatoka na kilo ya tope. Mdogo wangu anashika jembe kama kijiko cha chai. "Lete hapa!" nikamwambia, "wewe shika vitabu." Akakataa. Tukagombana, tukachimba, tukagombana, na mvua ikatupiga wote bila upendeleo.

Bomba linapita kandokando kabisa ya shimo la choo. Na hapohapo, mahali pabaya kuliko pote, lina kiungo kilichofungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Mtu alilifunga zamani, akafukia, akaenda zake. Kile kiungo kilikuwa kimelala ndani ya tope jeusi. Harufu sina haja ya kuieleza.

"Maji yakiwa yanatoka kwa nguvu, yanavujia nje," mdogo wangu akasema, amepiga magoti ukingoni. "Yakikatika, bomba linavuta. Linavuta hiki."

Na mvua hizi maji yamekuwa yakikatika kila siku.

Nilitaka kulia nikashindwa, kwa hiyo nikaupiga picha ule mpira wa tairi. Nimempelekea mwenye nyumba bila maneno.

Jumapili, 6 Aprili

Mwenye nyumba amekuja mwenyewe, na viatu vyake vya kanisani, kunigombeza kwamba nimechimba uwanja wake bila ruhusa. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Shuka humu shimoni, unuse, halafu uniambie tena hayo uliyosema." Hakushuka. Alinusa kutoka alipo, akatoa kitambaa akafunika pua, akaondoka.

Fundi amekuja baada ya saa moja! Mtu mpole, ana baiskeli. Nikamuuliza kwa nini alituzungusha mwezi mzima. Akashangaa. "Mimi, mama? Mimi mzee ameniita leo, sasa hivi, akitoka kanisani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope. Fundi akadhani nimepatwa na pepo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwenda kwa Mpishi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akaendelea kuchambua mchele wake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea.

"Si mikono yako," nikasema. "Ni bomba. Na vikombe. Na sheria yangu mimi."

"Nilijua si mikono yangu," akasema. "Mikono ni yangu."

"Nilikukosea mbele ya watu. Kituo kikifunguliwa nitakuomba radhi mbele ya watu haohao."

Alipuliza makapi. "Watoto wanaendeleaje?" Nikamweleza wote, mmoja mmoja, wamepata nafuu, isipokuwa Kibonge ambaye bado yuko wodini. Alisikiliza, kisha akasema atafikiria. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningenifukuza.

Ijumaa, 11 Aprili

Kibonge ameruhusiwa. Bado anaharisha kidogo lakini anakula. Nimeshusha pumzi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeipandisha tena. Amerudishwa hospitali. Tumbo limejaa gesi, anaharisha maji yenye uchachu mpaka makalio yamechubuka, na uzito umeporomoka.

Bibi amekuwa akimnywesha maziwa. Vikombe na vikombe, asubuhi, mchana na jioni, ili arudishe mashavu. Nilipomsikia akimwambia muuguzi nikaegemea ukuta. Nikajisemea, huyu mama ataniua kabla hajamuua mjukuu. Lakini nilimwangalia usoni. Alikuwa amekonda kuliko mtoto. Mtu gani anamtafutia mjukuu maziwa mwezi kama huu, kwenye matope haya, akaacha kula yeye?

Mdogo wangu alichuchumaa mbele yake. Zile nyuzi, akamwambia, ndizo pia zinazotengeneza kitu cha kuvunja sukari ya maziwa. Zikifutika, maziwa hayana wa kuyapokea, yanachachia tumboni. "Hukumlisha sumu, Bibi. Umepeleka mzigo kwenye nyumba isiyo na mtu." Kwa sasa apewe mtindi kidogokidogo, uji mzito wenye mafuta kidogo, nyama iliyosagwa, ndizi. Na maji yake ya chumvi.

"Mpaka lini?" Bibi akauliza.

"Mpaka nyuzi ziote."

"Nitajuaje zimeota?"

Mdogo wangu akasita. Kisha akasema, kwa sauti ya kidaktari kabisa, "Choo chake kitakuwa na umbo."

Alhamisi, 17 Aprili

Leo mdogo wangu amerudi mchana na koti la hospitali mwilini. Akapita moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akala wali wa jana bila kuupasha. Nikasubiri aniambie chakula cha jana kina hatari gani. Alikula tu.

Nikakaa karibu naye.

"Tumepoteza mmoja asubuhi," akasema baadaye. "Wa mtaa ule wa bondeni. Miezi kumi na moja. Ameletwa mkavu. Dada, walimnyima maji siku mbili. Watu wazuri kabisa. Baba alikuwa amevaa shati la mtoto mkononi kama bangili. Walimnyima kwa mapenzi."

Mvua ilikuwa inatiririka kwenye bati mbele yetu. Nikamvua koti, nikamletea maji ya moto, nikamnawisha mikono kama zamani, kidole kwa kidole, na hakunifundisha namna ya kufanya.

Nimekuwa nikidhani anahubiri kwa sababu anajiona. Leo nimeona anakwenda mbio na kitu kinachomtangulia kila siku.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda wodini. Bibi amekuwa kero ya hospitali nzima. Ametoka kitandani kwa mjukuu wake, anapita kitanda hadi kitanda na kikombe na kijiko. "Mpe! Usimhurumie, mpe! Akitapika ngojea kidogo, mpe tena! Mimi nilimnyima wangu nikidhani namponya, nusura nimzike." Anawasimulia wote, bila aibu, kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto. Muuguzi mkuu amelalamika kwamba wodi haipumziki. Mdogo wangu amemjibu kwamba kina mama wanamsikiliza Bibi kuliko wanavyowasikiliza madaktari wote, na kama ni kelele basi aongezewe chai.

Nami nilitaka kumwambia Bibi ashushe sauti. Nikajikuta namshikia kikombe.

Jumatano, 30 Aprili

Fundi amehamishia bomba upande wa pili wa uwanja, mbali na choo. Shimo limenyonywa. Mwenye nyumba anapita akiwaonyesha watu kazi hiyo kama aliyoiota yeye.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua imepungua. Maji ya bomba jipya yamepimwa, ni safi. Hata hivyo vikombe vitasuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kuanikwa vikauke. Mdogo wangu amejaribu kutorukaruka kwa furaha.

Jumatatu, 12 Mei

Tumefungua. Wamerudi zaidi ya nusu. Karani hakurudi, ila amemtuma dada yake na mtoto, na salamu.

Mpishi alifika kabla yangu. Nilimkuta ameshawasha jiko. Wazazi na wasaidizi walipojaa langoni nikasema niliyomwahidi, mbele yao wote. Akaninyooshea mikono yake mbele ya macho yangu, viganja juu, kisha viganja chini. Kisha akasema, "Yako sasa, Mwalimu." Nikanyoosha. Akazikagua kucha zangu bila haraka, watu wanacheka, mimi uso unawaka.

"Kakate huu wa gumba," akasema.

Nimekata.

Jumatano, 14 Mei

Kibonge amerudi kituoni. Mwembamba, miguu kama vijiti vya kuchokolea meno, lakini amenirukia mguuni. Bibi amekataa kuondoka. Nikamwambia, "Bibi, nenda kapumzike." "Sitoki." Alikaa kutwa mlangoni akilinda sufuria ya maji mpaka yachemke, halafu akiyalinda tena yasipoe bila kifuniko. Mpishi anasema nichague, yeye au huyo askari. Kufikia saa ya watoto kulala, wawili hao walikuwa wanawateta binti zao kama dada wa tumbo moja.

Alhamisi, 22 Mei

Jua, tangu asubuhi. Tulikuwa tunaanika mikeka uani niliposikia Bibi akipiga ukelele ndani. Mkeka ulinianguka. Nikakimbia, Mpishi nyuma yangu na mwiko mkononi. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia langoni kuniletea ufunguo, maana nyumba za madaktari zimekauka na anahama leo. Naye akatupa mkoba chini akatupita wote.

Tukamkuta Bibi amepiga magoti chumbani kwenye poti. Kibonge kasimama kando, shati limeishia kitovuni.

"Njoo uone, Daktari," Bibi akasema. Safari hii hakuwa na sauti ya ng'ambo ya mto. Ilikuwa ndogo. "Njoo uone kama ndivyo ulivyosema."

Mdogo wangu akainama. Mpishi akainama. Mimi nikainama. Wanawake wazima wanne, mmoja ana shahada mbili, vichwa vimegusana juu ya poti ya plastiki.

Kilikuwa na umbo.

"Zimeota," mdogo wangu akasema. Kisha daktari wa watu, anayetoka wodini na kuingia bila kutikisika, akaanza kulia, na Bibi akamshika shingo akalia naye, na Mpishi akajifuta uso kwa aproni akisema ni moshi, chumba kile hakina hata jiko.

Kibonge alitutazama mmoja mmoja kwa wasiwasi mkubwa. Akaona tumezunguka mali yake, tunaililia, hatuondoki. Akajipenyeza katikati yetu, akaikumbatia poti kwa mikono yote miwili, akatukunjia uso.

"Yangu!" akasema.